Tukitafuta Maili Kumi na Nane

Jumatatu, 13 Oktoba

Ndege ilipaa tena leo ikarudi na jibu lile lile. Kapteni Rodgers alishuka, akafuta miwani kwa shati, akamwambia Masila, "Tisini na mbili. Haiongezi hata ukiibembeleza." Michoro iliyotoka ng'ambo inasema ndege kama hii, na injini kama hii, ikishatulia angani hutembea maili mia na kumi kwa saa. Kumi na nane zimeenda wapi?

Masila ni mume wangu, fundi wa kuchomelea. Ndiye aliunganisha mifupa ya hii ndege, bomba kwa bomba. Kapteni ni mzee amestaafu, zamani alirusha ndege za kunyunyizia dawa mashamba ya ngano. Mimi nilishona kitambaa cha mabawa. Nilishona nikiwa na mimba ya Kanini, miguu imefura, sindano ndefu kama mkono ikipita juu ikirudi chini, ubavu baada ya ubavu. Kwa hivyo hizo maili zinanihusu hata mimi.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kikamba nakiongea tu, kukiandika hapana, na Kiingereza tuliachana darasa la nane.

Jumanne, 14 Oktoba

Kanini ameota jino la pili. Ameniuma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mama mkwe wangu, Syombua, amepanda kunde na mahindi kwa udongo mkavu, vile sisi hufanya, mvua ikija ipate mbegu iko ndani inangoja. Nilimfuata nyuma nikifukia kwa mguu, Kanini mgongoni. Akaniuliza ndege inaendeleaje. Nikamwambia inaenda polepole kuliko ilivyoandikwa.

"Kwani mnaharakisha mkienda wapi?"

"Si kuharakisha, Mama. Ni kujua kwa nini."

"Mimi jana niliona kunguru ameipita. Na hata hakuwa anakimbia. Alikuwa anaenda tu kwa jirani Mbithe kuiba vifaranga."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Nilicheka pia. Lakini nikikoroga uji jioni nikakumbuka Kanini alipokataa kuongeza uzito akiwa mchanga. Nesi wa kliniki hakunigombeza. Kwanza aliweka pakiti ya unga kwa mizani aone kama mizani yenyewe inadanganya. Halafu akaanza kuuliza, swali moja, anangoja jibu, swali lingine. Mtoto asiyeongeza uzito anakwambia kitu, alisema. Nadhani ndege pia.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kapteni alikuja kwa chai. Alikunywa kikombe kizima kabla ya kusema.

"Mama Kanini, nitakwambia neno, na usinikasirikie."

"Sema tu, Kapteni."

"Nashuku kitambaa."

Akaeleza taratibu. Kila mshono wangu una fundo. Juu ya fundo kuna utepe, juu ya utepe kuna rangi. Upepo ukipita juu ya bawa unataka pawe laini kama sahani. Mafundo yangu yakiwa manene kuliko ya mchoro, kila moja linashika upepo kidogo, na yako mengi. "Si makosa yako," akasema. "Ulishona kama mtu anayetaka kitu kisifumuke."

Ni kweli. Nilikaza kama nashona gunia la kubeba watoto wangu.

Nikamwangalia Masila aseme kitu. Masila alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake iliyeyuka zamani.

"Tutaangalia mengine yote kwanza," Kapteni akasema. "Lakini tukifika sikukuu ya Jamhuri hatujapata, nitachana kitambaa tuanze upya."

Kuanza upya ni mwaka mzima, na Kapteni macho yake yanapimwa katikati ya mwaka ujao. Daktari wa marubani alishamwambia asitarajie kupita tena. Kwa hivyo kitambaa kikichanwa, yeye hatairusha tena hii ndege. Alilisema hilo akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayesema kesho kutanyesha.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa napapasa mshono wa leso ya Kanini kwa kidole.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimeenda kwa banda la Kapteni, ambako ndege inakaa, nikafumba macho, nikapitisha kiganja juu ya bawa lote. Mafundo nayasikia. Lakini mkono si upepo. Upepo unasikia nini?

Jumamosi, 25 Oktoba

Imenyesha! Ilianza saa nane, matone makubwa ya kutoboa vumbi, halafu yote kwa pamoja. Syombua alitoka nje akasimama tu, kichwa kimelowa, akisema "Ngai wakwa, Ngai wakwa," akimshukuru Mungu wake.

Jumanne, 28 Oktoba

Leo wamepima geji ya spidi. Nilimwambia Kapteni habari ya nesi na pakiti ya unga akapiga paja. "Huyo angekuwa mwenzangu wa kazi." Ndege inajua spidi kwa kidomo kidogo mbele ya bawa ambako upepo unaingia unasukuma. Basi wakachukua mpira mwembamba wa plastiki, wakaukunja kama herufi U, wakatia maji, upande mmoja wakaufunga kwa kile kidomo. Masila akawa anakanyaga pampu polepole, hewa inasukuma maji yanapanda, na mimi nikawa nasoma rula. Maji yakifika hapa, mshale uwe hapa. Yakifika pale, uwe pale.

Nilipenda hiyo kazi kuliko kitu chochote nimefanya mwezi huu. Kumbe mbio za ndege ni shibiri moja tu ya maji!

Geji haidanganyi. Masila akasema, "Afadhali." Mimi nilitaka idanganye.

Ijumaa, 31 Oktoba

Matope. Hakuna kuruka.

Jumanne, 4 Novemba

Kunde zimechipuka mistari mizuri. Kapteni aliruka asubuhi, hakuna upepo, mpaka ukuta wa bwawa la Masinga na kurudi, simu imefungwa pajani ikipima mbio za ardhini. Kwenda na kurudi ukigawa katikati ni vile vile. Kwa hivyo tuko na uhakika: kweli ni polepole.

"Tumefurahi?" nikamuuliza Masila.

"Tumejua. Si sawa na kufurahi."

Jumapili, 9 Novemba

Tumenuniana na Masila. Nilimuuliza kwa nini siku ile Kapteni alitaja kitambaa hakusema hata neno moja la kunitetea. Akasema, "Ningesema nini?" Nikasema, "Ungesema mke wangu anajua kushona." Akatoka kwenda kuangalia mbuzi, na sisi mbuzi tuko nao wawili tu, hawahitaji kuangaliwa hivyo.

Jumatano, 12 Novemba

Injini imepimwa mizunguko, iko sawa. Propela iko sawa. Masila ametengeneza vifuniko vya magurudumu kwa bati jembamba, kama viatu vya bibi harusi. Nilimsifu, sikutaka lakini vilikuwa vizuri.

Jumamosi, 15 Novemba

Vifuniko vimetupa maili tatu. Tisini na tano. Kapteni alishuka akitabasamu, halafu tabasamu likaisha akiwa bado anatembea. Nimeona kitu kingine: akishuka huwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia, kama mtu ametoka kukamua ng'ombe. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Ni uzee, mama. Uzee hauna dawa."

Jumanne, 18 Novemba

Mvua. Kanini amejifunza kupiga makofi. Anampigia kila mtu, hata jogoo.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua mpaka barabara ya Ndithini imekatika. Palizi. Mgongo.

Alhamisi, 4 Desemba

Wamepaka nta, wameziba nyufa zote za mabawa. Nusu maili, labda. Kapteni ameacha kutania. Nikimpelekea chai anasema asante bila kuangalia juu, na mimi sijui kama anaona aibu au ananilaumu. Mwanzo nilimwona kama watu wote waliosoma sana, wana majibu. Sasa naona ni mtu tu anayeogopa mwezi wa sita.

Jumanne, 9 Desemba

Hii siku nitaiandika yote.

Kapteni alikuja banda na kisu kipya cha wembe. Hakungoja Jamhuri. Alisema mvua imesimama, afadhali aanze mapema kuliko kukaa akiangalia. Masila alikuwa ameshika taulo, amesimama upande wa pili wa bawa. Nilikuwa nimeleta ndizi za kuchemsha. Kapteni akaweka kidole kwa mshono wa kwanza, ule wa karibu na mlango, ambao niliushona siku Kanini alianza kucheza tumboni.

Sikupanga kusema. Nilisema tu, "Kapteni, kwani upepo hauonekani?"

"Hauonekani, mama."

"Hata kidogo? Moshi unaonyesha upepo. Nguo kwa kamba zinaonyesha."

Mkono wake ukabaki hapo hapo. Halafu akacheka kwa pua. "Nyuzi," akasema. "Masila! Tulipokuwa tunafunzwa kuruka walitubandikia nyuzi kwa bawa. Nyuzi fupi fupi. Zikilala, upepo unapita vizuri. Zikicheza, hapo pana fujo. Mimi ni mjinga namna gani?"

"Umesema wewe mwenyewe, Kapteni," Masila akasema, na hapo ndipo nilisikia kicheko chake mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi.

Nilikimbia nyumbani nikaleta uzi mwekundu wa kufuma, uliobaki kwa kofia ya Kanini. Tulikata vipande vya urefu wa kidole, tukabandika kwa selotepu kila mahali: mabawa yote, tumbo, mkia. Ndege ikawa kama kuku anayenyonyoka. Syombua alipita na kuni akasimama.

"Sasa mmeivalisha?"

"Tunatafuta upepo, Mama."

"Upepo mnautafuta na huku umejaa?"

Wakafunga simu mbili, moja inaangalia bawa, moja inaangalia mkia. Kapteni akapaa. Mimi niliketi juu ya debe na Kanini, sikumwimbia, sikufanya chochote. Ndani ya ile simu kulikuwa na miezi yangu yote ya kushona.

Aliposhuka tuliingia banda tukaangalia vichwa vitatu vimegusana. Simu ya kwanza: bawa. Nyuzi zangu zote zimelala, zote, kama nywele zilizochanwa na mafuta. Hata zile zilizobandikwa juu ya mafundo.

Nilitaka kuruka. Niliketi tu.

Simu ya pili: mkia. Huko nyuzi zilikuwa zinacheza kama zimeingiwa na pepo. Na kile kibao cha nyuma ya mkia, ambacho rubani hukipandisha na kukishusha kwa stiki, ule mpini anaoushika mkononi, kilikuwa kimening'inia chini. Si mara moja. Safari nzima.

"Kapteni," Masila akasema polepole, "hapa ulikuwa unasukuma stiki?"

Kapteni akavua miwani. "Nasukuma kila siku. Ukiiachilia inainua pua. Nilidhani," akakunja vile vidole, "nilidhani ni mkono wangu umechoka. Sikutaka kuwaambia."

Jumatano, 10 Desemba

Imenyesha tena, na hapo ndipo tumepata.

Asubuhi Masila alikuwa anapima mkia kwa pimamaji, anasema uko sawa kabisa na mchoro. Kapteni anasema haiwezekani. Wakaanza kupandishiana sauti. Paa la banda linavuja upande wa nyuma, na mimi nilikuwa nainua gunia la pamba lisilowe. Maji yalidondoka sakafuni, yakakusanyika, halafu yakaanza safari. Yalipita chini ya pua, chini ya tumbo, chini ya mkia, yakatoka mlangoni. Sote watatu tuliyaona. Tuliyafuata kwa macho kama tunaona nyoka.

"Hii sakafu imeinama," Masila akasema.

Kapteni akaweka mkono kwa paji la uso. "Ni mimi niliimwaga. Kabla marehemu mke wangu hajauza ng'ombe. Hili lilikuwa zizi. Nilimwambia mwashi aiinamishe kidogo, mkojo utoke wenyewe." Akaanza kucheka mpaka akashika bawa asianguke. "Masila, tumerudishwa nyuma na mkojo wa ng'ombe!"

Masila alinieleza baadaye kwa kuchora chini na kijiti, na nimeelewa. Alipoweka mabawa, pua ilikuwa imeangalia mlango. Aliinua mwili wa ndege kwa vigingi vya urefu mmoja kutoka sakafuni, akaamini umelala sawa, akaweka bawa kwa pimamaji, kumbe pua imeinama. Alipoweka mkia aliigeuza ndege apate mwanga wa mlango, pua ikawa imeinuka. Kwa hivyo kosa la sakafu liliingia mara mbili, moja kwa bawa na moja kwa mkia, na hizo mbili zikawa zinavutana. Mkia unasukuma chini, Kapteni anasukuma stiki, na maili zinaisha hapo katikati wakishindana.

Kapteni alicheka. Mimi nilicheka. Masila hakucheka. Alitoka kwenye mvua bila koti.

Nilimkuta chini ya ukingo wa jikoni, amechuchumaa.

"Nilipima kila kitu na pimamaji," akasema, "isipokuwa nilipokanyaga."

"Hata Kapteni alisahau, na ni yake."

Akakamua mvua kwa ncha ya shati. Halafu akasema, "Siku ile ya chai. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naomba iwe kitambaa. Kitambaa kinashonwa tena. Chuma changu kikiwa kibaya, watu wawili wanaanguka."

Niliumia, tena kuliko siku ile. Lakini nilimwona pia vile amekuwa akiamka kabla ya jogoo miezi hii yote, na nilidhani ni kazi, kumbe ni hofu. Nikampa Kanini amshike. Kanini akampigia makofi. Masila akaficha uso kwa tumbo la mtoto.

Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri. Watu wanasherehekea, sisi tunakata vyuma. Masila amesema mabawa yatabaki yalivyo. Kurekebisha mkia peke yake kunatosha kumaliza ugomvi. Safari hii kwanza walijaza kabari chini ya magurudumu mpaka ndege yenyewe ikalala sawa, wakapima mara tatu, na Kapteni akapima akiwa peke yake, na mimi nikapima, kisha Syombua akaitwa aangalie tone la hewa kwa pimamaji.

"Liko katikati," akasema. "Sasa hiyo ndiyo kazi iliwashinda?"

Jumatatu, 22 Desemba

Masila amechomelea vishikio vipya vya mkia. Vimekaguliwa. Kunde za kwanza zimekauka, tunavuna. Kisu cha wembe amepewa Syombua, anakatia mboga.

Jumanne, 30 Desemba

Mia na sita!

Kapteni alisema neno hilo kwa redio ndogo na Masila akaketi chini kwenye nyasi kama amepigwa ngumi. Nilimuuliza hizo nne zilizobaki ziko wapi. Akasema labda magurudumu makubwa, labda mafundo yangu. "Mafundo yangu yamelala kama nywele," nikamwambia. "Zitafute kwa vyuma vyako." Alicheka na macho yamelowa.

Jumamosi, 10 Januari

Ruhusa ya kubeba abiria imetoka. Kapteni alimwita Masila apande wa kwanza. Masila akasema, "Mama Kanini kwanza. Ndiye aliyeambiwa kitambaa chake kichanwe."

Nilinyonyesha Kanini nikampa Syombua. Aliniambia nisiangalie chini. Sikuangalia chini hata kidogo. Nilijua watu wakipanda huangalia nyumba zao, lakini mimi niliangalia mshale, halafu bawa, halafu mshale. Bawa lilikuwa pale karibu na dirisha, mistari yangu imenyooka mpaka ncha, na upepo wote wa dunia unapita juu yake bila kusema kitu. Mshale ukapanda, mia, mia na tatu, mia na sita, ukatulia.

"Umeona?" nikapiga kelele.

"Si hiyo," Kapteni akasema. "Ona hii."

Akaachilia stiki. Akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, vidole vimefunguka, kama mzee ameketi kanisani. Pua haikuinuka. Ndege ikaenda mbele tu yenyewe, na yeye akaanza kuangalia nje dirishani.